BASHFORD DEAN: MTAALAMU WA SAMAKI ALIYEFUFUA CHAPEO ZA KALE

Samaki mkunje angali mbichi. Methali hii kila mmoja wetu ameiandikia insha tangu shule ya msingi. Lakini je, msomaji mwenzangu, umewahi kusikia habari za mtu aliyeanza kwa kuchunguza samaki, kisha akaishia kuchunguza jinsi chuma kinavyokunjwa? Mtu huyo ni Profesa Bashford Dean wa Marekani. Nawaomba mnitegee sikio niwasimulie maisha yake, kwa kuwa yana funzo kubwa kwetu sisi tunaodhani kwamba vitu vya kale ni vya kutazamwa tu.

Kabla sijaendelea, hebu tuelewane kuhusu maneno mawili. Chapeo ni kofia ya chuma inayovaliwa vitani. Wanaosoma Biblia wamekutana na neno hili katika Waraka kwa Waefeso. Deraya nayo ni vazi la chuma la kukinga mwili. Mashujaa wa Ulaya ya kale, hasa katika karne ya 14, ya 15 na ya 16, walivaa chapeo na deraya zilizofuliwa kwa mkono na mafundi hodari.

Bashford Dean alizaliwa jijini New York tarehe 28 Oktoba 1867. Tangu akiwa mtoto mdogo alivutiwa mno na chapeo.  Hata hivyo, masomoni alichagua njia nyingine kabisa. Alihitimu katika Chuo cha Jiji la New York mwaka 1886, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Columbia na kupata shahada ya uzamifu mwaka 1890, akiwa na umri wa miaka 22 tu. Hapo ndipo alipozama katika elimu ya samaki.

Sasa sikilizeni ajabu hii. Miongoni mwa samaki aliowachunguza ni wale waliotoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita, ambao mabaki yao yamegeuka mawe. Baadhi yao, waliochimbuliwa huko Ohio, walikuwa na vichwa na vifua vilivyofunikwa kwa mabamba mazito ya mfupa, yaliyounganishwa kwa bawaba. Kumbe hata samaki walivaa deraya! Mtu anayetazama mabamba ya samaki na kujiuliza yanajikunjaje bila kumzuia asiogelee, hashindwi kutazama chapeo na kujiuliza inamkingaje askari bila kumzuia asigeuze shingo. Kwa hiyo anayeona kwamba Dean alikuwa na kazi mbili zisizopatana hajaelewa. Kwake yeye swali lilikuwa moja.

Utafiti wa samaki ulimfikisha Japani mara mbili mwanzoni mwa karne ya 20. Huko alichunguza samaki wa bahari kuu, lakini pia alitafuta deraya za Kijapani na kuzikusanya. Aliporudi kwao akawa mtu wa majumba mawili ya makumbusho. Katika jumba la viumbe alikuwa msimamizi wa samaki, na katika Jumba la Metropolitan alisimamia silaha. Mwaka 1912 idara ya silaha na deraya ilianzishwa rasmi katika jumba la Metropolitan, na Dean akawa mkuu wake wa kwanza. Hakuacha samaki wake ng'o. Aliongoza kazi ya kuandaa orodha kubwa ya maandishi yote kuhusu samaki, iliyotoka katika majuzuu matatu kati ya mwaka 1916 na 1923.

Jambo lililomtofautisha Dean na wakusanyaji wengine ni hili: hakuridhika na kuzifungia chapeo kwenye kabati za vioo. Mwaka 1909 jumba la Metropolitan lilimwajiri fundi Mfaransa, Daniel Tachaux, ambaye alikuwa mmoja wa watu wachache sana waliobaki wakijua kufua deraya kwa njia ya kale. Basi ndani ya jumba lile la fahari, penye picha na sanamu za thamani, pakawa na karakana yenye fuawe, makoleo na nyundo za kila namna. Kelele yake, msiniulize!

Hebu tuone kazi yenyewe inavyofanywa. Fundi huanza na kipande bapa cha chuma. Hukitia motoni mpaka kikawa chekundu, kisha hukigonga kwenye shimo la gogo mpaka kikabonyea kama bakuli. Baada ya hapo hukigeuza na kukiweka juu ya fuawe ndogo yenye kichwa cha mviringo, akakigonga kwa nje, mzunguko baada ya mzunguko, huku bakuli likizidi kuwa refu. Hapo ndipo penye mtihani. Chuma kikigongwa sana huwa kigumu, na kikiwa kigumu mno hupasuka. Fundi mwenye pupa huona kazi ya siku nyingi ikiharibika kwa pigo moja. Inambidi asimame, akirudishe motoni kilainike, kisha aanze tena. Umbo likishakamilika, hutumia nyundo nyepesi kusawazisha alama, akakwangua, akang'arisha, na mwishowe akapiga ribiti za kushikilia kitambaa kinene cha ndani. Bila kitambaa hicho chapeo si kinga. Pigo la rungu litapita moja kwa moja hadi kwenye fuvu.

Kwa kurekebisha na kufua upya vitu hivi, Dean na Tachaux walijifunza siri ambazo jicho peke yake haliwezi kuziona. Waligundua kwamba chapeo nzuri ya kale haina unene mmoja. Fundi aliacha chuma kinene mbele na utosini, mahali panapopigwa sana, akakipunguza nyuma ili mvaaji asichoke. Aidha, kila upande umepinda ili upanga uteleze. Mafundi wale hawakuwa na hesabu za kitabuni kama zetu, lakini walikuwa wamesoma katika shule ngumu kuliko zote: mteja wao akifa, biashara imekwisha.

Mwaka 1914 Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vililipuka. Majeshi yaliingia vitani na kofia za kitambaa na za ngozi. Ati kofia ya kitambaa mbele ya mizinga! Vijana walikufa kwa maelfu kutokana na vipande vya mabomu vilivyowaangukia kichwani katika mahandaki. Mwaka 1915 Wafaransa na Waingereza wakaanza kuwapa askari wao kofia za chuma, nao Wajerumani wakafuata mwaka 1916. Silaha iliyodhaniwa kuwa ya hadithi za kale ikarudi duniani.

Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, Dean alipewa cheo cha meja na kuongoza kamati ya chapeo na deraya. Mtaalamu wa samaki amekuwa mwanajeshi! Alichunguza majeraha ya askari na kuona kuwa mengi yalisababishwa na vipande vidogo visivyokuwa na kasi kubwa, ambavyo bamba jembamba la chuma lingeweza kuvizuia. Kisha akarudi kwa walimu wake wa zamani, yaani mafundi wa karne ya 15. Wakati huo kulikuwa na aina ya chapeo iliyoitwa saleti, ambayo ilishuka ikafunika masikio na kisogo. Dean alichora maumbo mapya kwa kufuata mfano huo, naye Tachaux akayafua moja baada ya jingine katika karakana ya makumbusho. Kila moja ilipewa nambari. Aliyoipenda zaidi ilikuwa nambari 5.

Je, jeshi lilizipokea? La hasha! Chapeo za Dean zilijaribiwa, lakini askari wa Marekani walipelekwa vitani wakiwa na kofia ya mtindo wa Kiingereza, bapa kama sahani. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 2.7. Lazima tuseme ukweli: kofia ile ilikuwa rahisi kutengenezwa kwa mashine, na haraka ilihitajika. Lakini iliacha masikio na kisogo wazi. Sababu nyingine ya kukataa miundo ya Dean ni kwamba baadhi yake ilifanana mno na kofia ya Wajerumani, ikahofiwa kuwa askari angeweza kumdhania mwenzake kuwa adui. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wajerumani nao walikuwa wamefikia umbo la chapeo ya kale iliyoshuka hadi shingoni. Kichwa cha binadamu ni kilekile, awe rafiki au adui.

Mtu mwingine angekata tamaa na kununa. Dean alipiga moyo konde, akaandika kila kitu alichojifunza, yaliyofaulu na yaliyokataliwa, katika kitabu kikubwa kuhusu chapeo na deraya katika vita vya kisasa. Kilichapishwa mwaka 1920. Mwaka 1926 aliandaa safari ya kuchimbua magofu ya ngome ya Montfort huko Palestina, akitafuta mabaki ya deraya za wapiganaji wa Vita vya Msalaba, kwa maana za karne zile ni adimu mno. Aliaga dunia tarehe 6 Desemba 1928, akiwa na umri wa miaka 61. Tachaux pia alifariki mwaka huohuo.

Lakini moto wa karakana haukuzimika nao. Vita Vikuu vya Pili vilipokuja, jeshi la Marekani lilibisha hodi tena katika jumba la Metropolitan kuomba msaada wa kubuni chapeo. Na katika miaka ya 1980 jeshi hilohilo lilianza kutumia chapeo mpya inayofunika masikio na kisogo, si ya chuma tena bali ya nyuzi ngumu za kisasa. Ukiiweka kando ya nambari 5 ya Dean utasema ni ndugu. Zaidi ya miaka 60 ilikuwa imepita.

Leo hii, Ulaya na Marekani kuna watu wanaoigiza mapigano ya kale kama mchezo, wakivaa deraya kamili na kupigana kwa panga zisizo na makali au za fimbo. Wengi wao hutaka chapeo iliyofuliwa kwa mkono. Msidhani ni mapambo. Rungu la mchezo bado ni rungu, na chama kimoja kikubwa kilichoanzishwa California mwaka 1966 hakimruhusu mtu kuingia uwanjani bila chapeo imara yenye kitambaa kinene ndani. Mafundi wao huenda katika majumba ya makumbusho kupima chapeo za kale, kisha hurudi kwenye fuawe zao kujaribu. Njia hiyo ya kutazama, kupima na kufua ndiyo aliyoifuata Dean.

Wanafunzi wenzangu, tusiwaonee haya wazee wanaojua kusuka, kufinyanga, kuhunzi na kujenga kwa njia ambazo hazimo katika silabasi yetu. Maarifa ya mikono hayaandikwi yote vitabuni, na mwenye nayo akizikwa bila mwanafunzi, yamezikwa pamoja naye. Dean alikuwa profesa mwenye vitabu tele, lakini alijua kuketi karibu na fundi na kumwuliza. Vilevile, tusidhani kuwa kazi iliyokataliwa leo ni kazi bure. Yeye hakuishi kuona chapeo yake ikikubaliwa, lakini alihakikisha kwamba atakayeihitaji ataikuta imeandikwa. Mwenye masikio na asikie.