Alan Turing, mtu mwenye aliambia mashini ijipime yenyewe

Mtu iko kwenye boulevard de la Libération, hapa Bunia, anatuma franga kwa telefone. Anabonyeza namba ya siri, kisha kale kaduara kanaanza kuzunguka. Kanazunguka, kanazunguka. Afanye nini? Angoje kidogo, juu telefone ingali kazini, ama azime, juu imebloke na haitamaliza hata kesho asubuhi? Kijana mwenye kuuza inite pembeni atamwambia azime. Mwingine atamwambia angoje, asije akatuma mara mbili. Hakuna mwenye kujua kwa hakika, na si ujinga wao. Mwaka 1936, kabla ordinatere za leo hazijakuwako, kijana mmoja wa Uingereza alionyesha kwamba hakuna mpimaji anayeweza kujibu swali la namna hiyo kila mara. Alifika hapo kwa kuchukua mpimaji na kumwambia ajipime mwenyewe.

Kijana huyo ni Alan Turing. Wengi wanamtaja juu ya vita na siri za Wajerumani. Lakini kuna kazi yake nyingine, ya kutafuta makosa ndani ya programu, yenye haisemwi sana.

Mtoto wa kuachiwa watu

Alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912. Baba yake, Julius, alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni kule India. Wazazi walikuwa wanarudi kazini India na kuacha watoto wao wawili, John na Alan, Uingereza, kwa jamaa ya askari mmoja mstaafu, karibu na bahari. Huku Ituri, mahali vita vimetawanya jamaa nyingi, hakuna haja ya kueleza maisha ya mtoto mwenye kukomea kwa watu wengine. Tofauti ni kwamba yeye hakukosa chakula wala masomo.

Mwaka 1926, akiwa na miaka 13, alitakiwa kuanza shule ya bweni ya Sherborne. Siku ya kufika, wafanyakazi wa inchi nzima walikuwa katika mgomo, hata treni haikutembea. Alipanda baiskeli yake kutoka bandari ya Southampton, karibu kilometa 100, zaidi ya safari ya Bunia mpaka Komanda, na akalala njiani usiku mmoja. Walimu walilalamika sana juu ya mwandiko wake mchafu. Hesabu alizijua, ila alipenda kuzifanya kwa njia zake mwenyewe.

Rafiki yake wa pale shuleni, Christopher Morcom, alikufa Februari 1930 kwa kifua kikuu chenye alikipata utotoni katika maziwa ya ng'ombe mgonjwa. Kifo hicho kilimuumiza Turing kwa miaka mingi. Aliandikiana barua na mama ya marehemu kwa muda mrefu, na akaendelea na masomo ambayo walikuwa wameota kuyafanya pamoja. Mwaka 1931 aliingia iniversite ya Cambridge.

Mpimaji anafikia namba yake mwenyewe

Wakati ule wanahesabu walikuwa wanauliza swali kubwa, lenye liliulizwa na Mjerumani David Hilbert: je, kuna njia moja ya kufuata hatua kwa hatua, bila akili ya ziada, yenye kuamua kila jambo la hesabu kama linaweza kuhakikishwa ama hapana? Turing alilisikia katika masomo ya mwalimu wake Max Newman. Ili kulijibu, alibuni mashini ya kichwani. Ina utepe mrefu wenye visanduku. Inasoma alama moja, inaandika ama inafuta, inasogea kisanduku kimoja kushoto ama kulia, kufuatana na orodha ya amri. Basi. Hakuna kingine.

Orodha ile ya amri yenyewe inaweza kuandikwa kama namba. Kwa hiyo kila mashini ina namba yake, sawa vile kila mtu hapa ana namba kwenye karte ya mchaguzi. Na mashini moja inaweza kupewa namba ya mashini nyingine, iisome, na ifanye kazi yake yote. Hapo ndipo mzizi wa telefone za leo: chombo kimoja, programu nyingi.

Kisha akaja kwenye mtego. Kwake mashini nzima ilikuwa ile yenye kuendelea kuandika tarakimu bila kukoma, na mbovu ile yenye kukwama. Tuseme kuna mpimaji: unamletea namba ya mashini yoyote, naye anajibu kila mara, bila kudanganya, kama ni nzima ama mbovu. Turing alimweka mpimaji huyo ndani ya mashini kubwa zaidi. Mashini kubwa inapita namba zote moja moja, 1, 2, 3, na kuendelea. Kila namba inamuuliza mpimaji. Akisema mbovu, inairuka. Akisema nzima, inaihesabu. Kama ni ya kumi kati ya nzima, inaiendesha mpaka tarakimu yake ya kumi na kuiandika hiyo.

Siku moja mashini kubwa itafikia namba yake yenyewe. Mpimaji atasema nini? Hawezi kusema ni mbovu, juu yeye anajibu kila mara na mashini kubwa haina mahali pa kukwama. Basi aseme nzima. Lakini akisema nzima, na kama ni ya mia moja, mashini kubwa itabidi ijiendeshe yenyewe mpaka tarakimu ya mia moja. Ili kuifikia, itaanza tena 1, 2, 3, mpaka namba yake mwenyewe, na pale itaambiwa tena ijiendeshe, na tena, na tena. Tarakimu ile ya mia moja haitaandikwa kamwe. Imekwama. Kwa hiyo jibu zote mbili ni uongo, na mpimaji wa namna hiyo hawezi kuwako.

Alikuwa na miaka 23 tu alipomaliza andiko hilo. Mmarekani Alonzo Church alikuwa amefika kwenye jibu lile lile kwa njia nyingine muda mfupi mbele yake, na Turing akaenda kusoma naye Princeton, Marekani, mpaka akapata udaktari mwaka 1938.

Vita vilipoanza, tarehe 4 Septemba 1939, alifika Bletchley Park, kituo cha siri cha kuvunja maandishi ya Wajerumani. Wapolandi walikuwa wametangulia kuivunja mashini yao ya siri, Enigma, na waligawa ujuzi wao na Waingereza. Turing alibuni chombo chenye kujaribu mipangilio mingi ya Enigma na kutupa ile yenye kujipinga yenyewe. Cha kwanza kilianza kazi Machi 1940. Yeye na wenzake walisoma habari za manowari za chini ya maji zenye zilikuwa zinazamisha meli za chakula baharini. Kazi hiyo ilifichwa mpaka miaka ya 1970, wakati yeye alikuwa amekufa kitambo.

Siku moja kisha kutimiza miaka 37

Kisha vita, ordinatere za kweli zilianza kutengenezwa. Turing alichora mpango wa moja London, akachoshwa na ucheleweshaji, na mwaka 1948 akahamia Manchester, mahali mashini ndogo ilikuwa imeendesha programu yake ya kwanza tarehe 21 Juni mwaka ule. Cambridge walikuwa na yao, EDSAC, yenye ilianza tarehe 6 Mei 1949. Mara moja jambo moja lenye hakuna aliyelitegemea likaonekana: programu hazikufanya kazi. Watu wenye akili sana waliandika amri chache, na ndani yake mkawa makosa. Mkubwa wa EDSAC, Maurice Wilkes, aligundua kwamba sehemu kubwa ya maisha yake ingeisha katika kusaka makosa yake mwenyewe.

Tarehe 24 Juni 1949, siku moja kisha kutimiza miaka 37, Turing alisimama Cambridge mbele ya wenzake na kusema juu ya namna ya kuhakikisha programu ndefu. Andiko lake lina kurasa chache tu. Alianza na hesabu ya kujumlisha yenye mama yeyote wa soko anaijua. Ukijumlisha namba tano ndefu kwenye daftari na kuandika jumla peke yake, mwenye kuhakikisha atarudia kazi yote tangu mwanzo. Lakini ukiandika pia zile namba za kubeba, kazi inagawanyika. Mtu mmoja anaangalia safu ya mamoja, mwingine ya makumi, mwingine ya mamia, na hakuna anayemngoja mwenzake.

Basi programu nayo ifanyiwe hivyo. Mwenye kuiandika aweke madai kwenye vituo vya njiani: mashini ikifika hapa, kisanduku hiki lazima kiwe na namba fulani, na kile kizidi hiki. Mpimaji haangalii safari nzima. Anaangalia kipande kimoja kimoja: kama dai la kituo hiki ni kweli, je, hatua zinazofuata zinafanya dai la kituo cha mbele liwe kweli pia? Na juu ya lile swali la kukwama, mwandishi alete kiasi fulani chenye kupungua kila mzunguko, sawa vile mafuta katika taa. Kikipungua kila mara na hakiwezi kushuka chini ya sifuri, kuna mahali mashini itasimama.

Ni mtu yule yule wa 1936. Hakujipinga. Mpimaji wa kwanza aliombwa ajibu juu ya kila mashini, peke yake, bila msaada. Huyu wa 1949 anapewa programu moja, na mwandishi wake anamsaidia kwa madai. Yule wa kwanza hawezekani, huyu wa pili anawezekana. Inasemekana wasikilizaji siku ile walichanganyikiwa, juu Turing alikuwa anaandika namba ubaoni kinyume, mamoja upande wa kushoto, na hakumwambia mtu. Mashini ya Manchester iliandikaka namba vile, naye alikuwa amezoea.

Mashini yenyewe haikuaminika. Taa zake za kumbukumbu zilipoteza alama. Juni 1950 aliweza kumaliza hesabu moja ngumu juu ya mashini kwa bahati ilibaki nzima kutoka saa tisa ya mchana mpaka saa mbili asubuhi ya kesho yake. Muda huo ulionekana mrefu ajabu.

Januari 1952 nyumba yake iliibiwa. Alienda polisi kulalamika, na katika maelezo yake hakuficha kwamba alikuwa na uhusiano na mwanaume. Sheria ya Uingereza ya wakati ule iliita hilo kosa. Mlalamikaji akageuka mshtakiwa. Tarehe 31 Machi 1952 tribinali ilimpata na hatia, na ili asiingie gereza alikubali kupewa dawa za homoni kwa mwaka mmoja. Ruhusa yake ya kufanya kazi za siri za serikali iliondolewa. Inchi aliyoitumikia katika vita haikumwamini tena. Alikufa tarehe 7 Juni 1954, nyumbani kwake Wilmslow, kwa sumu ya sayanidi, akiwa na miaka 41. Uchunguzi ulisema alijiua. Mama yake hakukubali, alishikilia kwamba ilikuwa ajali. Serikali iliomba msamaha mwaka 2009, na mfalme wa kike akamfutia hatia Desemba 2013. Tangu 2021 sura yake iko kwenye noti ya pauni 50, pamoja na jedwali kutoka andiko la 1936.

Andiko la 1949 halikupata noti. Lilisahauliwa kabisa, mpaka Mmarekani Robert Floyd alipotoa mwaka 1967 njia yenye kufanana nayo, na wasomi walipolifufua baadaye.

Leo kusaka makosa kumekuwa kazi ya programu zenyewe. Moja inayojulikana sana ni GDB, yenye Richard Stallman aliianzisha mwaka 1986. Inashika programu nyingine ikiwa kazini, inaisimamisha kwenye kituo ilichochaguliwa, na inaangalia kilicho ndani ya visanduku vyake. Lakini GDB nayo ni programu, nayo ina makosa. Nani ataipima? Kati ya majaribio yake maelfu, yenye kujiendesha bila mtu kukaa pale, mna machache yenye kuamuru GDB moja ishike GDB nyingine. Ya nje inaiwasha ya ndani, inaisimamisha katikati, inaiuliza maswali, na kila jibu linalinganishwa na lile lililotegemewa. Ni machache, na kama zote mbili zina ugonjwa mmoja, ya nje inaweza kupita juu ya kosa bila kuliona.

Na wakati mwingine jibu halitoki. Ya ndani imekwama, ama inachelewa tu? Jaribio halina njia ya kujua, kwa sababu ile ile ya 1936. Linahesabu sekunde, kwa kawaida kumi. Zikipita, linaandika kwamba muda umeisha, na linaenda kwenye jaribio linalofuata.