Luna Leopold: Mtaalamu wa mito aliyezuia uwanja wa ndege

KABLA ya mwaka 1970, Marekani haikuwa na sheria ya kitaifa iliyozilazimu idara za serikali kueleza mapema madhara ya mabwawa, barabara na viwanja vya ndege kwa mazingira. Luna Leopold ni miongoni mwa waliobadilisha mambo hayo.

Alizaliwa Oktoba 8, 1915 mjini Albuquerque, jimbo la New Mexico. Babake, Aldo Leopold, alikuwa mwandishi na mtetezi mashuhuri wa mazingira. Mtoto wa nyoka ni nyoka, ila huyu alipitia njia ya mbali: alisomea kwanza uhandisi wa ujenzi, na mnamo 1950 akahitimu uzamifu wa jiolojia katika Chuo Kikuu cha Harvard. Alijiunga na idara ya serikali ya utafiti wa jiolojia, akaongoza masuala ya maji na kujijengea sifa kwa kupima upana, kina na kasi ya mito.

Mnamo 1968, ujenzi wa uwanja wa ndege uliokusudiwa kuwa mkubwa kuliko wote duniani ulianza katika kinamasi cha Big Cypress, magharibi mwa Miami. Ungekuwa na njia sita za kurukia, katika eneo la takriban kilomita 100 za mraba. Maji ya kinamasi hicho hutiririka polepole kuelekea kusini na kuingia katika Mbuga ya Taifa ya Everglades. Leopold alipewa jukumu la kuongoza uchunguzi. Aligundua kwamba hatari kuu haikuwa lami, bali vitu ambavyo vingeifuata: makazi, viwanda, majitaka na mifereji ya kukausha ardhi. Ripoti yake ya Septemba 1969 haikumung'unya maneno. Mradi huo, ilisema, ungeiangamiza ikolojia ya kusini mwa Florida pamoja na mbuga yenyewe.

Januari 1970 mradi ulisitishwa, njia moja tu ikijengwa. Mwezi huo huo sheria ya kitaifa ya mazingira ilitiwa saini.

Hata hivyo, wengi hawakujua tathmini huandikwaje. Mwaka 1971 Leopold na wenzake watatu walitoa jedwali lenye shughuli 100 za ujenzi upande mmoja na hali 88 za mazingira upande wa pili, yaani visanduku 8,800. Kila kinachohusika hutiwa alama mbili, kati ya 1 na 10: ukubwa wa athari na uzito wake. Wakosoaji walilalamika, na si bure, kwamba alama hizo hutegemea anayezitoa. Lakini jedwali humlazimu mtathmini kuanika hukumu yake hadharani, jambo ambalo ripoti nyingi hukwepa. Nchini Kenya, tathmini za aina hii zilitiwa katika sheria ya mazingira ya 1999.

Leopold alihamia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mnamo 1972, akatunukiwa Nishani ya Taifa ya Sayansi mwaka 1991, na kufariki Februari 23, 2006 akiwa na umri wa miaka 90.

Njia ile moja ya ndege ilibaki kinamasini, ikitumiwa kufunzia marubani. Mwaka 2025 jimbo la Florida lilijenga hapo kambi ya kuzuilia wahamiaji. Watetezi wa mazingira na jamii ya Wamiccosukee walikwenda mahakamani, wakidai kwamba kambi ilijengwa bila tathmini ya mazingira.