Mwalimu wa Hesabu Aliyewahurumia Wasomaji

Mwanafunzi aingiaye maktabani akijua barabara jina la kitabu na la mwandishi wake hana taabu kubwa. Mwenye taabu ni yule ajuaye tu jambo alitafutalo. Huyo ndiye aliyemshughulisha S. R. Ranganathan kwa takriban nusu karne.

Ranganathan alizaliwa mwaka 1892 huko Shiyali, kusini mwa India, akawa mwalimu wa hesabu. Mnamo Januari 1924 aliteuliwa kuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras, ilhali hakuwa amesomea kazi hiyo. Upweke wa maktaba ulimchosha upesi, akaomba arudishwe darasani. Wakubwa wake wakamtaka aende kwanza London akajifunze. Akirudi na bado haipendi kazi, angerejeshewa ualimu.

Akiwa Uingereza alibaini kwamba uainishaji wa vitabu ulikuwa kama kabati la visanduku vilivyokwisha kuundwa: kitabu kilichogusa mambo matatu kililazimishwa kuingia katika kisanduku kimoja. Kisha akaona katika duka la Selfridges vipande vya kuchezea vya Meccano, ambavyo mtoto huviunga kwa skrubu akapata gari leo na winchi kesho. Wazo likamjia. Mada nayo iungwe kwa vipande: kiungo cha mwili, ugonjwa, tiba, nchi, wakati. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kustaajabu, kwani hivyo ndivyo tuundavyo kitenzi kwa viambishi. Vipande hivyo alivitenga kwa alama ya nukta mbili, na mfumo wake ukachapishwa mwaka 1933.

Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa ametoa kanuni zake tano za ukutubi. Ya nne, ambayo kwangu mimi ndiyo nzito kupita zote, yataka muda wa msomaji uokolewe. Kwa hiyo alibuni pia faharasa ya mnyororo, ambamo mada huorodheshwa katika kila hatua yake, ili ajaye na neno pana na ajaye na neno finyu wote wafike. Ni kweli kwamba namba zake zilikuwa ndefu na za kuchosha, na nje ya India ni maktaba chache zilizozikubali.

Alifariki mwaka 1972 mjini Bangalore. Katalogi za kompyuta za siku hizi, zinazomruhusu mtu kuchuja vitabu kwa mada, pahali na mwaka, zinafuata fikra yake. Lakini juzi mwanafunzi wangu aliandika neno “mashairi” katika katalogi ya maktaba moja nchini, akaambiwa hakuna kitu. Diwani alizozitaka zilikuwa rafuni, zimeingizwa chini ya “ushairi” na “tenzi”. Mashine ililinganisha herufi tu, wala haikumdokezea neno jingine. Akaenda zake mikono mitupu.