Charles Guillain na Picha za Nyumba za Mawe

Charles Guillain alizaliwa mwaka 1808 katika Lorient, mji wa pwani ya Ufaransa, akawa ofisa wa manowari. Mwaka 1846 alitumwa na serikali yake kuja Afrika Mashariki katika merikebu iitwayo Ducouëdic, achungue bandari, biashara na habari za watu. Siku zile Sayyid Said ndiye aliyetawala Unguja. Burton na Speke, Wazungu wa kwanza kufika Ujiji, walikuwa bado kuja. Walifika mwaka 1858. Lakini misafara ya pwani ilikwisha kuijua njia ya Ujiji.

Hata mwaka 1848 Guillain alizunguka pwani, akaiona miji ya Mogadishu, Barawa, Mombasa na Unguja. Alikuwa na chombo cha kupigia picha, kitu kigeni wakati ule, kwa maana kilitangazwa Ufaransa mwaka 1839 tu. Picha ilitokea juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Nayo ilikuwa moja tu, haikuweza kupigwa chapa kitabuni.

Basi ilipasa mafundi wa Paris waichore upya. Fundi alitwaa jiwe la chokaa lililosuguliwa sana, akachora juu yake kwa kalamu ya mafuta. Kisha alililowesha maji, akapitisha wino wa mafuta. Palipolowa, wino haukushika, palipochorwa, ulishika. Akaweka karatasi, akaikandamiza kwa mtambo, picha ikatokea. Jiwe moja likatoa picha nyingi. Hivyo nyumba za mawe za pwani zilichorwa juu ya mawe ya Ulaya, na mwaka 1856 kitabu cha Guillain kikatolewa pamoja na picha zake.

Baadaye, tangu 1862 hata 1870, alikuwa gavana wa New Caledonia, visiwa vya mbali katika Bahari ya Pasifiki. Huko, chini ya amri yake, wenyeji wengi walinyang'anywa ardhi zao. Alikufa Lorient mwaka 1875.

Nyumba nyingi za zamani zimebomoka, na picha zimebaki. Hiyo ni faida kubwa. Walakini picha ya nyumba haisemi yote. Mali nyingi ya Unguja ilitokana na pembe na watumwa walioletwa kutoka bara, hata kutoka pande za Ziwa Tanganyika. Basi azitazamaye picha hizo na ausifu ukuta, kisha aulize ni mabega ya nani yaliyobeba mali iliyoujenga.