William Lawrence Bragg na Hitilafu za Pembe katika Upimaji wa Fuwele

William Lawrence Bragg alizaliwa Adelaide, Australia, tarehe 31 Machi, 1890. Mwaka 1912, akiwa bado mwanafunzi Cambridge, alitambua kwamba eksirei huakisiwa na matabaka ya atomu za fuwele kwa pembe maalumu. Pembe hiyo ikijulikana pamoja na urefu wa wimbi, umbali baina ya matabaka hupatikana. Kwa kazi hiyo alipewa, pamoja na baba yake, Tuzo ya Nobel ya 1915, akiwa na umri wa miaka 25. Mwaka huohuo mdogo wake, Robert, alifariki kwa majeraha ya vita vya Gallipoli.

Kanuni hiyo ina upande ambao waandishi wengi wa maisha yake huupita haraka. Katika njia ya unga, iliyobuniwa na Debye na Scherrer mwaka 1916, kipimo chote hutegemea mahali pa kilele. Sampuli ikikaa nje ya kitovu cha kamera, filamu ikinywea, au unga ukifyonza eksirei, vilele husogea. (Tunasema hitilafu, si kosa, kwa sababu msogeo huu hufuata kanuni.) Lakini hitilafu ileile ya pembe haina uzito uleule kila mahali: kadiri pembe inavyokaribia digrii 90, ndivyo athari yake katika umbali inavyofifia. Huko Manchester, ambako Bragg alikuwa profesa tangu 1919 hadi 1937, Bradley na Jay waliitumia sifa hiyo mwaka 1932. Walichora thamani iliyotokana na kila kilele dhidi ya mraba wa kosaini ya pembe, wakauendeleza mstari hadi kosaini ilipokuwa sifuri.

Hitilafu ya pili isingefichuliwa na mstari wowote, kwani ilikuwa ndani ya rula yenyewe. Urefu wa mawimbi ulikuwa umekokotolewa kutokana na fuwele, na hesabu ya fuwele hizo ilitegemea chaji ya elektroni iliyokadiriwa pungufu. Mwaka 1947 Bragg alitangaza kwamba vipimo vya zamani vizidishwe kwa 1.00202 ili viwe angstromu halisi. Ni sehemu 2 tu katika 1,000. Hata hivyo wapimaji hodari walikwisha kudai usahihi uliozidi huo mara nyingi.

Bragg alifariki tarehe 1 Julai, 1971. Miaka miwili kabla, Rietveld alikuwa amechapisha njia ya kusafisha mchoro mzima kwa pamoja, ambamo msogeo wa sifuri hutafutwa sambamba na mahali pa atomu.