Sayyidna Jaafar bin Abi Talib, Baba wa Maskini

Sayyidna Jaafar (R.A.) alikuwa mwana wa Abu Talib, ami yake Mtume (S.A.W.), na ndugu wa baba na mama wa Sayyidna Ali (R.A.), ambaye alimzidi kwa miaka kama 10. Abu Talib alikuwa mtukufu miongoni mwa Makureshi, lakini watoto wake walikuwa wengi na mali yake kidogo. Ukame ulipowapata watu wa Makka, Mtume na ami yake Abbas walikwenda kumpunguzia mzigo. Mtume akamchukua Ali, na Abbas akamchukua Jaafar. Basi tangu udogoni Jaafar alijua nini kula katika chungu cha nyumba isiyokuwa ya baba yake.

Alisilimu mapema, yeye na mkewe Bibi Asma binti Umays. Makureshi walipozidi kuwaudhi Waislamu, Mtume aliwapa ruhusa ya kuhamia Habasha, na wa kwanza wao walivuka bahari mwaka 615. Jaafar alikuwa katika kundi lililofuata, ambalo wanaume wake walipindukia 80. Makureshi wakampeleka Amr bin al-As na mwenziwe kwa mfalme Najashi, wakiwa na zawadi za ngozi, ili wageni wale warejeshwe. Najashi hakuridhia kuwatoa watu waliokimbilia kwake pasi na kuwasikiliza. Aliyesema kwa niaba yao ni Jaafar. Alieleza kuwa zamani walikuwa wakila mizoga, wakikata udugu, wakiwatenda vibaya majirani, na mwenye nguvu akimla mnyonge, mpaka Mtume akawafundisha ukweli, amana na ujirani mwema. Kisha akasoma mwanzo wa Sura Maryam, na Najashi akalia hata ndevu zikarowa. Wajumbe wakarudishiwa zawadi zao, na Waislamu wakakaa salama. Huko ndiko walikozaliwa wana wa Jaafar: Abdalla, Muhammad na Aun.

Alirejea mwaka wa 7 wa Hijra (628), akamkuta Mtume Khaibar, nayo imekwisha kufunguliwa. Mtume akambusu baina ya macho, akadhihirisha ya kuwa hajui lililomfurahisha zaidi, ushindi wa Khaibar au kurudi kwa Jaafar.

Madina wakati huo walikuwako Ahlu Suffa, mafakiri waliolala katika msikiti wa Mtume, hawana jamaa wala mali. Abu Huraira (R.A.), aliyekuwa mmoja wao, amesimulia ya kuwa njaa ilipomzidi alikuwa akimtaka mtu amsomee aya, ilhali yeye mwenyewe aijua, kwa kutumai kuwa atachukuliwa nyumbani akalishwe. Jaafar ndiye aliyekuwa bora wa watu kwa maskini. Akiwachukua kwake, akiwalisha kilichokuwamo nyumbani, kiwe kingi au kichache. Pengine hakikuwamo ila kiriba cha samli kilichokwisha. Hicho nacho akakitoa, wakakipasua na kuramba kilichosalia. Hakuona haya kwa uchache wa alichonacho, wala wageni wake hawakuona haya kwa ufakiri wao, kwani alikaa nao na kuzungumza nao kama ndugu. Kwa hiyo Mtume akampa jina la Abul Masakin, yaani Baba wa Maskini.

Hakukaa Madina ila muda mchache. Mwaka wa 8 wa Hijra (629) Mtume alipeleka jeshi la watu 3,000 Muta, katika nchi ambayo leo ni Jordan. Alipouawa Zaid bin Haritha, Jaafar akaishika bendera. Ukakatwa mkono wake wa kulia, akaishika kwa wa kushoto. Nao ukakatwa, akaikumbatia kifuani mpaka akafa shahidi. Majeraha yaliyoonekana mwilini mwake yalipita 50. Mtume alitoa habari kuwa Mwenyezi Mungu amembadilishia mikono ile kwa mbawa mbili Peponi, ndiyo maana akaitwa Jaafar Tayyar.

Siku ya habari ile Bibi Asma alikuwa amekwisha kukanda unga na kuwaosha watoto. Mtume akaingia, akawakumbatia watoto, macho yake yakitiririka machozi. Kisha akaamrisha watu wa Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa msiba umewashughulisha. Nyumba iliyokuwa ikiwalisha wasio na kitu, siku hiyo ikalishwa.

Hapa ndipo ilipotoka sunna ya majirani kuwapikia wafiwa, na Imamu Shafi ameipendekeza kwa mchana na usiku wa msiba ule. Walakini katika miji mingi mambo yamegeuzwa: mfiwa ndiye awashaye moto, na pengine hukopa mchele na nyama ili waliokuja kumpa pole wasirudi na njaa, akabaki na huzuni mbili, ya maiti na ya deni. Mwenye kumpenda Jaafar na apeleke sahani kwenye nyumba ya msiba, wala asiingoje kutoka humo.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sayyidna Jaafar, na awajaalie Waislamu kufuata mwendo wake. Amin.