Walter Cady: Kasoro ya maabarani iliyozaa kiongozi wa redio na saa

KILA fundi aliyewahi kujiundia saketi ya umeme kwa mikono yake anaijua hali hii: vifaa vyote vimeunganishwa ipasavyo, ilhali vipimo vinakataa kulingana na hesabu. Wengi huifumua saketi na kuanza upya. Mwanafizikia Walter Guyton Cady aliamua kuichunguza kasoro yenyewe, na kutokana na subira hiyo ulimwengu ukapata kifaa ambacho hadi leo huongoza redio, saa na kompyuta.

Cady alizaliwa mnamo Desemba 10, 1874 mjini Providence, jimbo la Rhode Island, Marekani. Alisomea Chuo Kikuu cha Brown kabla ya kuvuka bahari hadi Berlin, Ujerumani, alikotunukiwa shahada ya uzamifu mnamo 1900. Miaka miwili baadaye alianza kufunza katika Chuo Kikuu cha Wesleyan, mjini Middletown, Connecticut, ambako alidumu hadi alipostaafu mnamo 1946.

Vita vya Kwanza vya Dunia ndivyo vilivyobadilisha mkondo wa kazi yake. Nyambizi za Ujerumani zilikuwa zikizamisha meli nyingi, na wanasayansi wa mataifa washirika wakatafuta mbinu ya kuzinasa kwa sauti chini ya maji. Kuanzia 1917, Cady alijiunga na juhudi hizo kwa kuchunguza fuwele.

Baadhi ya fuwele zina tabia ya ajabu iliyogunduliwa mnamo 1880 na ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie. Zikibanwa hutoa umeme, na zikitiwa umeme hubadilika umbo kwa kiasi kidogo mno.

Cady alipokuwa akipima fuwele za chumvi ya Rochelle kwa umeme wenye masafa ya juu, alikumbana na jambo lisiloeleweka. Katika masafa fulani, vipimo viliyumba ghafla. Akisogeza masafa kidogo tu, hali ilirejea kuwa ya kawaida.

Ingekuwa rahisi kuilaumu valvu, au waya uliolegea. Badala yake, Cady aliendelea na uchunguzi hata baada ya vita kumalizika mnamo 1918, na akatambua kwamba chanzo kilikuwa fuwele yenyewe. Kila kipande cha fuwele kina kasi yake ya asili ya kutetemeka, kulingana na umbo na ukubwa wake. Umeme unapofikia kasi hiyo, fuwele hutetemeka kwa nguvu na kuiathiri saketi nzima.

Hapo ndipo kasoro ilipogeuka kuwa neema. Iwapo fuwele ingeweza kuiyumbisha saketi, basi ingeweza pia kuituliza. Cady aliiacha chumvi ya Rochelle, ambayo huharibiwa na unyevu, akatumia kwatzi, jiwe gumu lisiloathirika upesi. Aliomba hataza ya uvumbuzi wake mnamo 1920, na mwaka uliofuata akaunda saketi ya kwanza ya kuzalisha mawimbi iliyoongozwa na fuwele ya kwatzi. Mnamo 1923 alizipeleka fuwele zake Italia, Ufaransa na Uingereza ili kulinganisha vipimo vya masafa vya nchi hizo.

Hata hivyo, sifa hazikumwendea yeye pekee. Alexander Nicolson, aliyekuwa ameomba hataza ya saketi ya chumvi ya Rochelle mnamo 1918, alidai kutangulia, na mzozo huo ukadumu kwa miaka mingi. Naye Profesa George Washington Pierce wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeifahamu kazi ya Cady, aliirahisisha saketi hiyo hadi ikahitaji valvu moja tu. Saketi inayotumiwa sana leo hujulikana kwa jina la Pierce.

Cady aliendelea na utafiti wake. Mnamo 1932 aliongoza Taasisi ya Wahandisi wa Redio nchini Marekani, na mnamo 1946 akachapisha kitabu kikubwa kuhusu umeme wa fuwele.

Wanaojiundia saketi hizo nyumbani wangali wanatatizwa na tabia za fuwele. Saketi ikinyamaza, huenda ukuzaji hautoshi kufidia nguvu inayopotea ndani ya fuwele. Masafa yakikosea kidogo, huenda kapasita hazikuchaguliwa vyema. Nao umeme ukizidi, fuwele huweza kupasuka. Dawa ni ile ile aliyoitumia Cady: kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kuyaandika matokeo.

Cady aliaga dunia mnamo Desemba 9, 1974, siku moja tu kabla ya kutimiza umri wa miaka 100. Wahenga walisema subira huvuta heri. Kwake yeye, heri hiyo ilianzia katika kipimo kilichokataa kulingana na hesabu.